Na Mwandishi Wetu

Mhasibu wetu, Bi. Kokuleba, alikuwa na rula ya mbao
iliyovunjika mwanzoni, pale penye sifuri.
Kila Ijumaa, ofisini juu ya duka la nyavu, Makoroboi,
aliilaza juu ya habari zangu
kama fundi anayepima kitambaa cha sare.

Sisi wa kujitegemea hulipwa kwa sentimita.
Meli imekwama Nansio: kumi na moja.
Mgomo wa wachuuzi wa dagaa Mwaloni: tisa.
Zilikuwa ishirini; mhariri wa Dar ana mkasi.
Mtoto aliyeokotwa hai kwenye mawe ya Igogo,
picha kubwa, maneno machache: nne.
Nauli ya kwenda na kurudi ilikula mbili.

Na juu ya kila habari: Na Mwandishi Wetu, Mwanza.
Miaka kumi na moja mimi ni wetu.
Wa nani, sijui. Mkataba sina, bima sina,
kitambulisho kiliisha muda
mwaka ule magugu maji yalipoziba gati la Kamanga
na mimi nimo ndani ya mtumbwi, naandika kwa penseli
kwa sababu kalamu ya wino imelowa.

Nafasi ilitangazwa mara tatu.
Mara ya kwanza walitaka shahada. Nikaenda kusoma, jioni.
Nilipoileta, walitaka umri usiozidi thelathini na tano.
Mara ya tatu hawakutaka kitu. Walimtaka Majura.

Sisemi Majura hafai.
Nilimpokea mimi, mwanafunzi mwenye viatu vipya,
nikamfundisha kuuliza jina mara mbili,
kutoamini takwimu inayoishia na sifuri,
kumnusa samaki kabla ya kumnukuu muuzaji.
Alijifunza upesi. Hilo nalo ni kosa?
Siku alipokabidhiwa funguo alininunulia soda,
akasema, "Dada Holo, mvumilivu hula mbivu."
Nilikunywa. Ilikuwa baridi vizuri.
Lakini papai halisubiri mtu miaka kumi na moja;
hudondoka usiku, wakala popo.

Akaanza kwa haki. Kweli, kwa haki.
Akanunua rula ya plastiki, unaona hadi upande wa pili,
akasema kuanzia leo kila mtu apimwe sawa.
Ndipo habari zangu zikaanza kupungua, sentimita moja moja.
Nikadhani ni macho. Nikadhani ni mkasi.
Hadi siku Bi. Kokuleba anastaafu, tuko kwenye ngazi,
keki iliyobaki ameifunga kwenye rambo,
akanitumbukizia ile ya mbao mkobani.
"Inaanzia moja," akasema.
"Kila habari nilikuandikia moja ambayo haikuwepo.
Usiniulize kama ni wizi. Nilikwishajiuliza."

Moja kwa habari, habari nne kwa wiki, miaka kumi na moja:
nilipiga hesabu nyuma ya bahasha.
Mita ishirini na mbili na ushei,
kutoka mlango wa ofisi hadi kibanda cha muuza kahawa.
Huwa napita pale kila asubuhi.
Siku hizi napita polepole.

Leo naandika barua ya nne.
Cheo nitakiomba aya ya pili. Ya kwanza naomba jina.
Holo Maduhu, herufi kumi;
Mwandishi Wetu, kumi na tatu.
Hata wino mtaokoa.
Nimelipima kwa rula ya plastiki: sentimita moja na nusu.
Kwa ile ya mbao, mbili na nusu.
Sijaamua niandike ipi.

Simu inalia. Kuna mtu Mwaloni
anasema mizani ya dagaa imechezewa,
njoo, dada, njoo kabla hawajaificha.
Nachukua mkoba.
Rula imo ndani.